Jicho la Baseme

Mbwa wa mzee Bahizire aliitwa Baseme, lakini jina halikuwa la mbwa. Lilikuwa la jirani. Mbwa alilibeba tu, kama punda anavyobeba mzigo wa wenyewe.

Hapa kwetu asiyejua jambo hilo ni mgeni. Ukigombana na mtu, humtukani. Matusi ni ya watu wasio na adabu. Unatafuta mbwa, unampa jina, halafu jioni unasimama uani na kumwita kwa sauti. Nani atakushitaki? Unamwita mbwa wako.

Léocadie, mke wa Bahizire, aliuza ndagala, yaani dagaa. Alizitoa Gatumba, ziwani, akazitembeza milangoni mwa watu wa Gihosha. Hakuwa mama wa mtu. Hapa Cibitoke, mtaani kwetu, walimwita Mama Léo kwa huruma, na huruma huwasha kuliko upupu. Siku moja pale bombani, Fatouma, jirani wa ukuta mmoja, mama wa Lubna na wengine wengi, aliamua kugawa hekima bure mbele ya foleni nzima ya bido, madumu ya maji:

"Nyumba haina mutoto, ile ni stoo."

Léocadie alijitwika maji akaenda zake. Haikupita wiki akarudi kutoka Gihosha na kitoto cha mbwa ndani ya karai la ndagala. Alipewa na wazungu waliokuwa wanahama. Baba yake alikuwa mbwa wa kizungu, uso umebonyea kama aliyegonga mlango kwa haraka. Mama yake alikuwa wa barabarani, ukoo wake haukuulizwa. Jioni ile ile Léocadie aligeukia ukuta wa Fatouma, akavuta pumzi, akaita:

"Baseme! Baseme, kuja kula!"

Yaani waache waseme. Fatouma alielewa kabla ya mbwa. Kesho yake jogoo wake naye akapata jina. Aliitwa Nimesema.

Miaka ikaenda hivyo. Upande huu: "Baseme! Toka kwa jua!" Upande ule: "Nimesema! Wacha mboga yangu ya lengalenga!" Wanawake hao hawakusalimiana hata siku ya Idi, wala Noeli. Lakini hakuna jioni waliyokosa kuongea. Bahizire, ambaye kazi yake ni kuziba mipira ya baiskeli mbele ya nyumba, alikuwa akisema hakuna redio inayoishinda hiyo, na haili betri.

Halafu Léocadie akafa. Ugonjwa wa tumbo. Bahizire alielezwa kwa Kifaransa, kirefu na kizuri. Hakusoma, kwa hiyo hakuwasumbua watu kwa maswali.

Siku ya matanga Fatouma alileta sufuria ya kuku. Bahizire alikula paja. Asubuhi iliyofuata aliamka mwenyewe, uani kimya, jua limeshatoka, ndipo akatambua alichokula. Nimesema ndiye aliyekuwa sufuriani. Ugomvi ulikuwa umebaki na upande mmoja, na upande wenyewe una miguu minne na mkia.

Tangu siku hiyo hakumwita mbwa kwa jina. Alimwita "we". We, kuja. We, toka. We, lala. Lile jina lilikuwa na sauti ya mtu mwingine ndani yake. Akijaribu kulitoa linamkwama kooni kama mwiba wa samaki, basi akaacha kujaribu. Mbwa alimtazama kwa heshima, akasubiri aitwe.

Ndipo jicho likaanza.

Mwanzoni mbwa alikuwa anakonyeza. Jicho la kushoto, kama mtu anayekupa siri. Halafu machozi, shavu lote limelowa. Halafu akawa anajificha mwanga chini ya kitanda, upande aliokuwa akilala Léocadie. Labda alikwaruzwa na mwiba, labda paka, labda hapana kitu. Mbwa mwenyewe hakusema.

Mtaa, lakini, ulisema. Cibitoke hakuna mgonjwa anayekosa daktari. Wa kukosekana ni mgonjwa anayepona. Mmoja alisema chumvi. Mwingine tumbaku ya kutafuna. Mwingine alisema mkojo, hakutaja wa nani. Tajudini, mchomeleaji wa vyuma wa kando ya njia, ambaye macho yake mwenyewe ni mekundu mwaka mzima, alikuja kutoa fatwa:

"Muzee, unajichokesha bure. Imbwa iko na macho mbili. Moja ni ya akiba."

"Na we uko na meno mangapi ya akiba?" Bahizire alimuuliza.

"Mi nasaidia tu, baba."

"Nimeona. Saidia na kule."

Lakini hakulala vizuri. Mbwa wa jicho moja mtaani kwetu hana maisha. Baiskeli za ndizi zinashuka bila breki, na daima hutokea upande usiouona. Na akienda huyu mbwa, nani atabaki duniani anayelijua jina lile alivyolitamka Léocadie? Bahizire hakuliweka hivyo. Yeye alisema tu kwamba mbwa mfu ananuka.

Kwenye rafu palikuwa na kichupa. Miaka ya nyuma Léocadie alitolewa mtoto wa jicho, akapewa dawa ya matone, akapona, dawa ikabaki. Baada ya mazishi ndugu walibeba vitenge, wakabeba karai, wakabeba hata mizani. Kichupa hakuna aliyekitaka. Bahizire alikifunga kwa kitambaa akakirudisha pale pale. Sasa akawaza: kilichomponya mwenyewe, kitashindwaje na mbwa wake?

Akaweka tone asubuhi, tone jioni. Na kweli, wekundu ulipungua. Akajipongeza. Akampita Tajudini kifua mbele. Siku chache baadaye jicho likaingia ukungu wa bluu, kama maji ya sabuni, na katikati pakawa na kishimo. Akaongeza matone. Ukungu nao ukaongezeka.

Fatouma alitoa kichwa juu ya ukuta.

"Muzee Bahizire. Ile kitu yako inalia, watu hatulale."

Hakuwahi kumwita mbwa jina. Kwake alikuwa ile kitu.

"Inatoa machozi, mama Lubna. Machozi haina sauti."

"Mi nasikia."

"Basi uko na masikio ya malaika."

"Peleka kwa dokta," Fatouma alisema. "Ama unangojea ioze, halafu utuambie ni Mungu?" Kichwa kikazama.

Gihosha, kwenye milima, kuna madaktari wa wanyama, kwa sababu kuna mbwa wenye mageti. Bahizire alifunga mbwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, wakapanda kwa miguu. Njiani watu waliwapisha. Wengine waliangalia jicho, wengine walimwangalia mzee, na uso wao ulikuwa mmoja.

Daktari aliitwa Hugues. Alikuwa kijana mpole, na upole wake ulimuudhi Bahizire, maana alikuwa amejiandaa kudharauliwa na sasa hakuwa na kazi. Daktari alichukua kikaratasi chenye rangi ya chungwa, akakilowesha, akakigusisha kwenye jicho. Jicho likageuka kijani. Akazima taa, akamulika tochi ya bluu. Pale kwenye kishimo paling'aa kama kimulimuli, na ule mng'ao ulikuwa umepenya chini ya kingo, ukatambaa pembeni.

"Unaona, muzee? Rangi inaingia chini ya ngozi. Kingo haishike. Hii ni kidonda ya kichwa ngumu. Inakatala kupona."

"Kama mwenyewe," Bahizire alisema.

"Iko na muda gani?"

"Inapita mwezi."

"Ulikuwa unaweka nini?"

Bahizire alitoa kitambaa mfukoni, akakifungua taratibu. Daktari alisoma maandishi ya kichupa, akayasoma tena, akakaa.

"Hii ni ya nani?"

"Ya bibi yangu."

"Muzee, hii iko na kortizoni. Inatuliza wekundu, njo maana uliona kama inapona. Lakini kidonda ya jicho ikiwa wazi, hii inaikataza kufunga. Inaikula. Na ilifunguliwa zamani sana."

"Ilimuponyesha bibi yangu."

"Bibi alikuwa ametoka kupasuliwa, na waliomupa walijua sababu. Siyo dawa mubaya. Ni mulango mubaya."

Bahizire akakifunga tena kichupa ndani ya kitambaa. Mwezi mzima alikuwa anamtesa mbwa kwa mapenzi, asubuhi na jioni, bila kukosa. Alikuwa fundi wa kutosema.

Daktari alieleza kazi iliyobaki. Angeweka tone la ganzi. Kisha angesugua kidonda kwa pamba kavu, aondoe ngozi yote iliyolegea, na kwa ncha ya sindano apige mistari midogo midogo juu yake. Lisipofanyika hilo, kishimo kinaweza kutoboka, na jicho litatolewa. Akanyosha mkono amshike mbwa taya. Mbwa, aliyekuwa kama mgonjwa wa kufa, akafufuka. Alipindua meza ndogo, akapindua na kiti, akajibanza pembeni anaonyesha meno.

"Siwezi kukaribisha sindano kwa jicho inayorukaruka," daktari alisema, akiokota vitu vyake. "Kuna mutu anamusikia?"

"Yuko."

"Yuko wapi?"

"Kwa makaburi."

Daktari akainua kiti kilichoanguka. Halafu akasema angekuja mwenyewe Cibitoke Jumamosi. Mbwa akiwa kwake hutulia. Akampa dawa nyingine ya matone, ya kuzuia usaha, akamwonya asiweke kitu kingine chochote, hata kama mtaa mzima utapiga kura.

Nyumbani Bahizire alimwaga ile dawa ya zamani nje ya mlango. Kichupa alikiosha, akakirudisha kwenye rafu. Kichupa kitupu hakina kortizoni.

Jumamosi daktari alifika kwa baiskeli. Mafuta yalikuwa yamekosekana mjini tena, na watu wenye magari walikuwa wamekumbuka kwamba Mungu aliwapa magoti. Alijifuta jasho, akatafuta mahali penye kivuli, akaona vifaa vya mzee: gundi, mkasi, na kile kibati kilichotobolewa misumari, cha kukwangulia mpira.

"Muzee, unataka kuniuliza kitu toka siku ile," alisema. "Uliza."

"Mutoto wa watu," Bahizire alisema, "kidonda iko pale tayari. We unataka kuikwangua iwe kubwa. Ile shule ulisoma, waalimu walikuwepo?"

Daktari akacheka. Aliokota kile kibati.

"Hii ni ya nini?"

"Kukwangua mupira."

"Usipokwangua?"

"Kiraka haishike. Mupira iko laini, iko na vumbi. Unabandika, kesho inabanduka."

"Basi. Jicho yake inatengeneza kiraka kila siku. Ngozi mupya, nzuri. Lakini chini imebaki ngozi ya kufa, laini. Kiraka inakaa juu kama mugeni, asubuhi inabanduka. Inabandika, inabanduka. Mwezi muzima. Mi nakuja kukwangua."

Bahizire alitazama kibati, akatazama jicho. Miaka arobaini alikuwa amefanya kazi hiyo, na mwezi mzima hakuiona. Aliguna. Kwa Bahizire, kuguna ni hotuba.

Wakampakata mbwa chini ya dirisha. Tone la ganzi likaingia kwa shida. Bahizire akashika shingo. Daktari akakaribia na pamba. Mbwa akarusha kichwa, pamba ikaenda puani.

"Muongeleshe, muzee. Muite jina."

Bahizire alifungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa, "We."

Mbwa akatikisika tena.

"Jina. Iko na jina?"

"Iko nayo."

"Basi?"

Basi hakuna. Mzee alikuwa ameshika mbwa kwa mikono miwili, mdomo wazi, na jina halikutoka.

Sasa, Fatouma alikuwa nyuma ya ukuta. Alikuwa anaanika nguo. Tangu daktari alipofika alikuwa anaanika kitenge kile kile kimoja. Anakianika, anakianua, anakianika. Akasema kwa sauti, kama anayeongea na kitenge:

"Jina iko. Mutaa yote inaijua. Miaka yote waliniimbia hiyo jina kwa masikio."

Halafu geti likalia. Fatouma akaingia uani kwa Bahizire, mara ya kwanza tangu ile sufuria. Alikuwa amefunga mtandio nyuma na kukunja mikono ya gauni.

"Dokta," alisema, "mi siguse imbwa. Dini yetu mate yake ni najisi."

"Mama, hakuna anayekulazimisha."

"Najua. Sasa nashika wapi?"

Akachuchumaa. Akachukua kile kichwa kibonyevu kwa viganja viwili, mate yakimtiririkia mpaka kwenye viwiko. Mbwa alikuwa amembwekea mama huyu maisha yake yote kwa ajira rasmi ya Léocadie. Alishangaa mpaka akasahau kung'ata.

"Baseme," Fatouma alisema.

Hakulitamka kama tusi. Alilitamka kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake.

"Baseme. Tulia. Tulia, Baseme. Baache baseme."

Sikio la mbwa lilisimama. Lilikuwa jina lake, na lilikuwa sauti ya mwanamke, na lilitoka upande wa uani ambako jioni majina yalikuwa yakitokea. Akatoa pumzi ndefu, akalaza taya kwenye kiganja cha Fatouma.

Daktari hakupoteza muda. Alisugua kwa pamba, toka katikati kwenda nje, na ngozi ikatoka nyepesi kama ile inayoganda juu ya maziwa. Aliendelea mpaka ilipokataa kutoka, pale ilipokuwa imeshika kweli. Kisha sindano: mistari midogo, huku na huku, kama mtu anayechora wavu juu ya yai. Fatouma aliangalia pembeni, akaendelea kusema lile jina, lile lile, bila kuongeza kitu. Bahizire alikuwa bado ameshika shingo. Hakuna aliyemhitaji tena, lakini hakuachia.

"Umeipanua," Bahizire alisema, daktari alipomaliza.

"Nimeipanua," daktari alikubali. "Sasa kiraka iko na pa kushika. Ungojee. Ikikatala, tunarudia. Na asijikune. Akijikuna mara moja tu, kazi yote imeenda."

Fatouma alisimama na mikono mbele kama mpasuaji.

"Maji," alisema. "Na udongo."

Bahizire alileta birika. Udongo aliuchota palipokuwa karibu, kwenye kibustani cha Léocadie ambacho sasa kilikuwa kinaotesha majani ya bure. Fatouma alijisugua kwa udongo ule mpaka kwenye viwiko, halafu Bahizire akammiminia.

"Imefika ngapi?" aliuliza mzee.

"Ine. Usiniibie, iko saba."

"Mi sisome, mama Lubna, lakini mpaka saba nafika."

"Mimina, basi."

Alimimina. Maji mekundu yalirudi kwenye kibustani. Alipomaliza ya saba, Fatouma alijipangusa kwa ule mtandio wa kichwani, akaenda. Getini akageuka nusu.

"Ile siku kwa bomba," alisema, "jua ilikuwa kali."

"Najua," Bahizire alisema.

Akaondoka.

Kumzuia mbwa asijikune, Bahizire alikata bido la mafuta ya mawese, akalitoa matako, akamvika shingoni, akalifunga kwa ukanda wa mpira. Mbwa akawa kama bomba la mvua lenye miguu. Aligonga milango, aligonga masufuria, aligonga wateja. Kwa sababu lile bido halikutakata vizuri, nzi nao walihamia. Tajudini alisimamisha kazi aje kucheka.

"Muzee! Umenunua redio ya zamani?"

"Ndiyo. Na haishiki stesheni yako."

Matone yaliwekwa. Jicho halikuonekana kubadilika, na Bahizire alianza kuandaa maneno ya kumwambia daktari, machache lakini makali. Kisha asubuhi moja mbwa alitoka chini ya kitanda kabla ya kuambiwa. Alikaa juani. Jicho lilikuwa wazi, halikonyezi.

Daktari alirudi na kikaratasi chake. Akamulika ile tochi ya bluu ndani ya nyumba, madirisha yamefungwa. Bahizire aliinama, bido likamgusa shavu. Akatafuta kimulimuli. Hakukiona.

"Imeshika," daktari alisema.

Palibaki doa dogo jeupe, kama alama ya kidole kwenye glasi. Daktari alisema halitatoka, lakini mbwa anaona. Bahizire alimshukuru kwa kumkagulia matairi yote mawili ya baiskeli, akayakuta hayana kasoro, akasikitika.

Bido likavuliwa. Mbwa akajitikisa toka pua mpaka mkia, akatoka mbio nje. Jioni chakula kilipoiva hakuwepo. Bahizire alitazama njiani. Baiskeli za ndizi zilikuwa zinashuka. Akatazama chini ya kitanda. Akarudi uani, akasimama pale pale alipokuwa akisimama Léocadie, kwa sababu pale ndipo sauti huenda mbali.

"We!"

Hakuna kitu.

"We!"

Mbwa wangapi Cibitoke wanaitwa we? Bahizire akameza mate. Mwiba ukasogea kidogo. Akageukia ukuta, akavuta pumzi.

"Baseme!" aliita, na sauti ikapasuka katikati. Akaikusanya. "Baseme! Kuja kula!"

Upande wa pili mbwa alibweka mara moja, na sahani ikagongwa kwa kijiko. Fatouma akajibu, kwa ukali wote wa zamani:

"Nimesema iko huku inakula! Haukusikia? Nimesema!"

Bahizire alibaki amesimama. Kisha akavuta kiti chake, akakisogeza karibu na ukuta, akakaa. Redio ilikuwa imerudi hewani, na bado ilikuwa haili betri.